Uzi wa vitu tulivyookota tukisoma mtandaoni: tupia chako, ila kije na kamba yake

KauntaBuku (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Nina ugonjwa mmoja na najua humu siko peke yangu. Naingia mtandaoni kutafuta bei ya pampu ya maji, saa mbili baadaye najikuta nasoma habari za mfalme wa China aliyeletewa twiga. Pampu sijanunua. Ninachobaki nacho ni picha za skrini.

Mwezi wa tatu simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya kudekia. Fundi akaniokolea picha karibu zote, elfu nne na ushee, nikakaa Jumapili nzima nazipitia. Wakuu, nilikuwa nimelipia kuokoa takataka. Aya nzuri, haina jina la aliyeiandika. Sarafu, haisemi ni ya wapi. Kuna moja nimeiandikia kwa kidole changu mwenyewe "HII MUHIMU SANA", na mshale mwekundu unaoelekea pale pale picha ilipokatwa.

Nikaenda dukani nikanunua kaunta buku. Humo hakiingii kitu bila kamba. Kamba ni hivi: nani kasema, kasema wapi, lini, na mimi nilikikuta nikiwa natafuta nini. Hilo la mwisho watu wanalidharau, lakini ndilo linalonirudisha kwenye kitu baada ya miezi sita.

Nianze na ukurasa wa 4. Mwaka 1944, wakati wa vita, askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, alikuwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya nchi yao. Kwenye mchanga akaokota sarafu tisa. Akaziweka tu. Mwaka 1979 ndipo akazipeleka zichunguzwe. Nne zikaonekana ni za Kampuni ya Kidachi ya India Mashariki. Tano ni shaba za Kilwa. Kilwa yetu hii, zaidi ya kilomita 10,000 kutoka pale.

Niliikuta nikiwa natafuta nauli ya basi la Kilwa Masoko. Zamu yenu.

Siti_ya_Mbele

Nimeweka mkeka hapa. Uzi wa namna hii ndio uliotufanya tujiunge na jukwaa, siyo zile za nani kaachana na nani.

Mtumzima_Sengerema

Mkuu hiyo ya Kilwa ilipita kwenye kundi letu la ukoo, imeandikwa WASWAHILI WALIGUNDUA AUSTRALIA KABLA YA WAZUNGU, WANATUFICHA. Nikajua ni chai ya moto. Kumbe sarafu zipo kweli?

KauntaBuku

Zipo, mzee wangu. Chai ni hicho kichwa cha habari. Sarafu kufika mahali si sawa na mwenye sarafu kufika. Hizo tano zilikutwa pamoja na za Wadachi, na moja ya hizo za Wadachi ni ya miaka ya 1690, wakati enzi ya Kilwa ilishapita zamani. Inawezekana kabisa zote zilisafiri kwenye mfuko wa baharia mmoja ambaye Kilwa hajawahi kuiona. Wapo wanaowataja Wareno, wapo wanaowataja mabaharia wa Makassar, Indonesia, waliokuwa wakienda huko kuvua majongoo bahari. Mwaka 2013 mwanaanthropolojia Ian McIntosh aliongoza msafara kurudi pale, na mjadala haujafungwa hadi leo.

Aliyeandika "wanatuficha" alikata kamba makusudi. Angeacha zile nne za Wadachi kwenye picha, kichwa chake cha habari kingeanguka chenyewe.

Halafu kuna kitu kuhusu sarafu za Kilwa ambacho mimi nakipenda kuliko hiyo safari ya Australia. Zile za shaba hazina mwaka. Zina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, na upande mmoja una vina na mwingine. Unaanza na jina la sultani, Ali bin al-Hasan, unageuza sarafu, unakuta maneno ya kumtegemea Mola yanayoishia kwa kina kile kile. Yaani watu walikuwa wanaenda sokoni na shairi mfukoni.

fundisimu_Msamvu

Hii ya vina imenigonga. Mimi natengeneza simu, kwa hiyo natoa ushuhuda: mleta uzi hadanganyi. Wateja kumi wakileta simu zilizokufa, wanane wanalilia picha na wala siyo namba za watu. Ukifungua kuhamisha, nusu ni picha za skrini. Dua, dawa ya vidonda vya tumbo, nukuu ya Nyerere ambayo Nyerere hajawahi kuitamka.

BintiMvita

Hamjambo nyote. Natoka Mombasa, mnisamehe mkiona naandika kwa lafudhi.

Mimi sina daftari, nina kundi la WhatsApp lenye mtu mmoja. Nilimuunga dada yangu, nikamtoa dakika hiyo hiyo, nikabaki peke yangu. Kila ninachosoma najitumia. Naliita Kabati. Kabati lina miaka sita sasa.

Nawapa moja. Neno gereza asili yake ni igreja, Kireno, maana yake kanisa. Nililipata nikitafuta saa za kufunguliwa Ngome ya Yesu, wageni walikuwa wanakuja nikaona aibu kutojua. Ngome ilianza kujengwa 1593, na Wareno walikuwa na kanisa mle ndani. Kwa watu wa mjini jengo zima likawa gereza. Waingereza walipokuja wakaifanya jela kweli, kuanzia 1895 hadi 1958. Nyanyangu mpaka anafariki alikuwa akipita pale anasema "gerezani", ilhali ngome imeshakuwa makumbusho miaka na miaka.

Siti_ya_Mbele

Kanisa likawa jela 😂😂 hii naiiba.

BintiMvita

Iba na kamba yake ndugu yangu, usije ukaiandika eti "wanasayansi wamegundua".

MnyamweziWaKazeh

Wakuu heshima kwenu. Tabora hapa.

Mimi kitu changu ni neno hela. Tunalitamka kila siku na hatujiulizi. Ni Heller, sarafu ya Mjerumani. Mwanzoni rupia yao hapa kwetu ilikuwa inagawanywa pesa 64, mambo ya kugawanya kwa sitini na nne nani anayaweza. Mwaka 1904 wakabadilisha, rupia moja ikawa heller 100. Waswahili wakaisikia, wakaitamka wanavyoweza, Mjerumani akaondoka, sarafu ikaondoka, neno likabaki mdomoni.

Sasa kwa nini nimeitafuta. Mwaka 1916, vita kuu ya kwanza, meli za Waingereza zimefunga bahari, Mjerumani hapati fedha kutoka kwao. Akatengeneza zake hapa hapa Tabora, kwenye karakana ya reli. Zile ndogo za heller 5 na 20 ni za shaba na shaba nyeupe ya maganda ya mizinga. Na akatengeneza ya dhahabu, rupia 15, ina tembo na nyuma yake mlima. Dhahabu ilitoka Sekenke, Iramba. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauchukua mji, biashara ikaishia hapo.

Nimekulia Tabora, nimesoma Tabora, hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba mji wangu uliwahi kutengeneza fedha. Nimeambiwa na mtandao saa nane usiku.

pesa_mkononi

Mkuu hiyo ya dhahabu sasa hivi inaenda bei gani? Kuna mzee huku kwetu anasema anazo kisado kizima.

MnyamweziWaKazeh

Nilijua utakuja. Haiwezekani uzi ukataja rupia ya Mjerumani asitokee mtu wa kisado. Ndugu, ukiambiwa kisado, shika nauli yako vizuri.

pesa_mkononi

Nimeuliza tu jamani.

AbuSalim_Maskati

Asalaam alaykum. Mie nipo Maskati, wazee wangu ni wa Unguja. Hapa sokoni Mutrah reale za Maria Theresa zimejaa, zile fedha kubwa zenye kichwa cha mwanamke. Nitawapa moja ili kijana wa kisado asiliwe.

Maria Theresa alikuwa malkia wa Austria, akafa mwaka 1780. Biashara ya bahari yetu hii na ya Habeshi ilishaizoea sarafu yake, watu hawataki nyingine. Basi ikaendelea kutengenezwa vile vile, na mwaka vile vile, 1780. Zilitoka Vienna, baadaye zikatoka London, Roma, Bombay, mpaka karne ya 20, zote zimeandikwa 1780. Rafiki yangu alinunua moja kwenye kikundi cha mtandaoni, muuzaji kamwandikia "ina umri wa miaka 240", kalipa fedha ambayo angenunulia jokofu. Mwaka umeandikwa pale, hakuongopewa. Ila hakuuliza kamba, kama anavyosema huyu bwana.

Na kwa yule aliyesema hela: kwetu Unguja pesa ni paisa, ya Kihindi. Sayyid Barghash alitoa pesa zake za shaba mwaka 1299 wa Hijria, na upande mmoja kachora mizani. Nnazo mbili, za marehemu babu. Siuzi.

BintiMvita

Abu Salim umenikumbusha, sisi Kenya hela twaielewa lakini hatuitumii sana, kwetu ni pesa. Sasa najua sababu, Heller haikuvuka mpaka. Lakini shule, ambayo ni ya Kijerumani pia, ilivuka. Na ninyi Unguja mwasema skuli mpaka leo.

AbuSalim_Maskati

Skuli ndio. Shule ni ya kule bara.

Mtumzima_Sengerema

Naomba kuuliza wenye ujuzi. Mimi nilikuwa nahifadhi viungo kwenye huduma moja, unabonyeza tu inakuwekea. Nilijaza miaka minane. Siku moja nikapata barua pepe kwamba wanafunga, pakua vitu vyako kabla ya tarehe fulani. Hiyo barua niliiona tarehe imepita. Tangu hapo nimekata tamaa. Na hata vile vichache nilivyokuwa nimeandika kwingine, nikibonyeza havifunguki.

KauntaBuku

Pole mzee. Hapo kwenye kutofunguka huko peke yako. Shirika la Pew la Marekani lilipima mwaka 2024: kurasa zilizokuwepo mtandaoni mwaka 2013, asilimia 38 hazikuwepo tena miaka kumi baadaye. Na hapo tunahesabu dunia nzima. Kwetu naona hali ni mbaya zaidi, maana wengi tulikuwa tunaandika kwenye blogu za bure. Zile kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilipokuja na leseni zake, blogu ngapi zilizimwa? Kulikuwa na jamaa mmoja anaandika mapishi na historia za majina ya mitaa ya Dar, sijawahi kuona mtu anaandika Kiswahili kile. Aliandika aya moja ya kuaga, mwezi uliofuata hata hiyo aya haipo. Nilikuwa nimemsoma miaka mitatu na sikunakili hata mstari.

Ninachofanya sasa: ukurasa ukinigusa naenda Internet Archive, lile ghala la mtandao lililoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, nabandika anwani, naliambia lihifadhi. Linanipa anwani nyingine yenye tarehe ndani yake. Hiyo ndiyo naandika kwenye daftari. Na ule mstari ulionigusa naunakili kwa mkono, neno kwa neno. Nikiunakili kwa mkono naukumbuka. Nikiupiga picha nausahau kabla kidole hakijaondoka kwenye kioo.

msomi_wa_jioni

Kuna Mjerumani mmoja, Niklas Luhmann, mwanasosholojia, alikuwa anafanya hivi hivi kwa kadi za karatasi. Kila wazo kadi yake, kila kadi ina namba na inaitaja kadi nyingine. Mpaka anafariki 1998 alikuwa na kadi kama 90,000, na aliandika vitabu vingi kutoka humo. Siku hizi kuna programu chungu nzima zinazoiga mtindo huo.

fundisimu_Msamvu

Kadi elfu tisini na mwenye nyumba anakuja kudai kodi. Aliishi wapi huyu mzee 😂

msomi_wa_jioni

Cheka tu. Mimi nilinunua moja ya hizo programu, nikatumia wiki tatu kupanga rangi za makabrasha. Vilivyomo ndani ni viwili.

KauntaBuku

Ndiyo maana nikarudi kwenye kaunta buku, haina rangi za kupanga.

Haya, ukurasa wa 12, nao una uzuri wake. Mwaka 2013 watafiti Chapurukha Kusimba, mtu wa Kenya huyo, na Sloan Williams walichimbua sarafu ya China kisiwani Manda, jirani na Lamu. Ina tundu la mraba katikati, na jina la enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala 1402 hadi 1424. Huyo ndiye aliyemtuma Zheng He, mkuu wa merikebu zake, mpaka huku. Na ndiye aliyeletewa twiga kutoka Malindi, ule mchoro maarufu mnaoujua, Mchina kashika kamba, twiga kasimama nyuma yake. Twiga wetu wa Malindi akiwa China mwaka 1414. Nimeuweka kuwa picha ya ukurasa.

BintiMvita

Kaka KauntaBuku, usinichukie.

Mwaka 1414 twiga aliyefika China aliletwa na ujumbe wa Bengali, huko upande wa Bangladesh ya leo. Sultani wa Bengali ndiye aliyempeleka zawadi, na ule mchoro pamoja na shairi la sifa la Shen Du ni vya twiga huyo. Wa Malindi alifika mwaka uliofuata, 1415. Bengali hakuna twiga wa porini, kwa hiyo hata huyo wa kwanza alitoka Afrika, na wako wanaosema alipitia kwetu kwetu. Lakini aliyechorwa ndiye wa Bengali. Huku pwani picha ile tumeipachika kila mahali tukiandika "Malindi", nami nilikuwa mmoja wao mpaka nilipokaa nikasoma maelezo yaliyo juu ya mchoro wenyewe yalivyofasiriwa.

Naongeza kamba: nilikuwa natafuta picha ya kuchapisha kwenye fulana za watoto wa madrasa waliokuwa wanakwenda ziara Malindi.

Siti_ya_Mbele

Uwiii. Mwenye kamba kafungwa na kamba yake.

fundisimu_Msamvu

Mleta uzi njoo huku, unaitwa.

KauntaBuku

Nimekuja. Nimefungua ukurasa wa 12 nione kamba yangu inasemaje. Imeandikwa: "picha, kwenye kundi, mtu kasema". Basi. Wiki hiyo nilikuwa na malaria, lakini hiyo si sababu.

Dada, asante. Fulana mlichapisha nini?

BintiMvita

Tulichapisha twiga yule yule, chini tukaandika "Bengali 1414, Malindi 1415". Watoto wakauliza maswali ndani ya basi njia nzima, mwalimu akajuta. Nikawaambia na hili: Wachina walipomwona walidhani ni qilin, mnyama wa hadithi zao anayetokea zama za mfalme mwadilifu. Neno hilo Wajapani walilichukua, na mpaka leo kwa Kijapani twiga ni kirin.

Mtumzima_Sengerema

Hiyo ya kirin naandika sasa hivi. Nimeomba daftari la mjukuu, kalipasua karatasi ya katikati kanipa.

msomi_wa_jioni

Swali la kizushi. Kama kila kitu kinatakiwa kamba, si tutaacha kushirikishana? Raha ya mtandao ni kurusha tu. Mtu anacheka, maisha yanaendelea.

KauntaBuku

Kichekesho rusha, nani kakukataza. Mimi nasema juu ya vile unavyotaka mtu aviamini. Shemeji yangu aliacha dawa ya presha siku kumi na moja kwa sababu ya picha ya majani fulani iliyopita kwenye kundi. Nilifuatilia nani kairusha wa kwanza. Nilirudi nyuma watu saba, kila mmoja anasema "nimetumiwa". Wa saba nilikuwa mimi, miezi minne kabla. Nilikuwa nimetumiwa na mtu, nikairusha bila kuisoma, ikazunguka ikarudi nyumbani.

Shemeji yuko salama. Mke wangu bado hajanisamehe vizuri.

AbuSalim_Maskati

Alhamdulillah yuko salama.

pesa_mkononi

Nimeenda kwa yule mzee. Kisado kipo kweli. Ndani kuna vifuniko vya soda na sarafu za shilingi tano za zamani. Asanteni kwa ushauri, nilipanda baiskeli, sikutoa nauli.

MnyamweziWaKazeh

Wakuu nimerudi, na hii nimeandika mikono inatetemeka kidogo.

Jana nilimpigia bibi yangu, mama mzaa baba, yuko Sikonge. Nikamsimulia habari za sarafu zilizotengenezwa Tabora, nikijua nampa mpya. Akanyamaza, akasema "zile za rangi ya bomba la baiskeli?" Leo nimekwenda. Katoa kibati cha majani ya chai, ndani kuna vifungo, wembe, na kitu kimefungwa kwenye kitambaa.

Ni ya heller 20. Upande mmoja ina taji, chini yake 1916, na herufi D.O.A., yaani Deutsch-Ostafrika, Afrika Mashariki ya Mjerumani. Upande wa pili 20 HELLER, na chini kabisa T ndogo. T ndiyo Tabora. Imetobolewa tundu ukingoni, haiko sawa, inaonekana ni msumari.

Nimemuuliza imetoka wapi. Anasema kapewa na mama yake, na kwamba ilikuwa inafungwa kiunoni kwa mtoto anayechelewa kutembea. Baba yangu alifungwa hiyo. Nikamuuliza kama mimi pia nilifungwa, akasema mimi nilitembea mapema, sikuwa na shida hiyo.

Nimepiga picha pande zote mbili, nimeandika nyuma ya bahasha jina lake, jina la mama yake, Sikonge, na tarehe ya leo. Picha nitaitupia usiku, mtandao huku unakatika. Sarafu yenyewe anataka nimrudishie kabla sijapanda gari.